Mashine Ikinyamaza, Kunda Bai Anafundisha

Kunda Bai anatimiza miaka sitini, na wanafunzi wake wa zamani wamekata shauri kumchapishia kitabu. Wahandisi wameandika, daktari wa meno ameandika, hata yule wa Pune anayeuza nyumba ameandika. Nimesomewa kurasa zao. Karibu wote wanasema Bai alikuwa taa ya maisha yao. Taa gani? Mwanamke alikuwa akifundisha umeme ukikatika! Kama kuna mtu anayelijua hilo ni mimi, maana mashine iliyokuwa ikimziba mdomo ni yangu. Basi nami nikadai ukurasa. Shule nilifika darasa la nne, kwa hiyo anayetafuta maneno ya kupamba arudi kwa daktari wa meno.

Mimi ni Hausabai, mwenye mashine ya kusaga nafaka nyuma ya soko la mtama, hapa Barshi. Mume wangu aliniachia mtoto mmoja, Sudam, na mashine moja, na nikisema ukweli mashine ndiyo ilinilea mimi na mtoto. Sauti yangu ilikuwa nyororo zamani. Kwa miaka yote hiyo ya kupigiana kelele na mkanda na mawe ya kusagia, sasa nikinong'ona wanasikia mpaka kwenye duka la bangili.

Kunda Bai alikuja mwaka ambao mvua ilichelewa. Alishuka kwenye basi na sanduku la bati na ubao mweusi uliofungwa kamba. Aliolewa Latur, hakukaa. Kwa nini hakukaa ni habari yake, na anayetaka kujua zaidi amuulize mwenyewe. Mpaka leo sijaona aliyethubutu. Alirudi kwanza kwa kaka yake, mtaa wa pili kutoka hapa. Chai alipewa, ila wifi yake alikuwa akimuuliza kila asubuhi, "Wifi, unaondoka lini?" kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya vitunguu. Kunda akaja kwangu na mtama wake wa kusaga, akaona chumba nyuma ya mashine nilikoweka magunia matupu.

"Dada Hausa, hiki chumba kina mtu?"

"Kina panya."

"Wanalala mapema?"

Nikacheka, akahamia.

Asubuhi alikuwa anafundisha fizikia kwenye chuo kimoja kwa mkataba wa mwaka hadi mwaka. Jioni alitaka kufundisha watoto wa darasa la kumi na moja na la kumi na mbili palepale chumbani. Hapo ndipo tulipogombana. Ukuta kati yetu ni wa bati. Mashine ikinguruma, mtu aliye ndani hasikii hata meno yake yakigongana. Mimi siwezi kuzima, wateja wana foleni. Yeye hawezi kupiga kelele, koo lake ni la mwalimu, si la mwuza samaki. Tukanuniana siku kadhaa, kisha mgao wa umeme ukatupatanisha. Wakati ule umeme ulikuwa ukikatwa kila siku saa nyingi, wiki hii asubuhi, wiki ijayo jioni. Mtaa mzima unalaani, mimi ninalaani kuliko wote, halafu nasikia upande wa pili wa bati, sauti tulivu kabisa: "Haya, tuanze. Mpira wenye uzito wa kilo moja..."

Watoto wakajua. Mashine ikinyamaza wanakimbia kutoka kila uchochoro na madaftari kichwani. Mahali pengine umeme ukikatika watoto hushangilia kwa kuwa hawatasoma. Kwetu walishangilia wakienda kusoma. Nami kwa kuwa sina kazi mashine ikilala, nilikaa mlangoni na kusikiliza. Sikuelewa hata nusu. Ila kuna jambo nililipenda: Bai hakuwahi kusema "mmeelewa?" Alikuwa anasema, "Nani hajakubaliana nami?" na kama hakuna mkono, anachukia.

Miaka ikaenda. Sudam akakua, akapata kazi kiwanda cha sukari, nikamwoza. Mke wake ni Sarika, kutoka kijiji upande wa Paranda. Siku namwona mara ya kwanza nilisema moyoni, huyu ni mwembamba, mtama gunia moja litamshinda. Nilikosea. Gunia alilibeba vizuri. Kilichomshinda kilikuwa fizikia.

Alikuwa amefanya mtihani wa darasa la kumi na mbili kabla ya kuolewa. Masomo yote alifaulu, fizikia ikamwangusha. Kwao wakasema basi, msichana amesoma vya kutosha, wakamleta kwetu na sari zake. Angekaa kimya mpaka leo, kama si mkono wangu.

Mkanda wa mashine ulinivuta kifundo cha mkono. Tukaenda hospitali, mimi natukana mkanda, Sarika ananishikia mkoba. Nikapigwa eksirei. Aliyenipiga alikuwa mwanamke, msichana hasa, amevaa koti jeupe, anawaamrisha wanaume wazima, "Usitikisike! Usipumue!" na wanaume hawapumui. Sarika akaitazama ile picha ya mifupa yangu kwenye taa kama watu wanavyotazama harusi ya tajiri. Akamuuliza yule dada maswali mpaka nikasema, jamani, mkono ni wangu, na mimi niulize moja. Wiki nzima hakutaja kitu. Kisha siku moja tunapika mikate ya mtama, akasema akitazama moto:

"Mama, kuna mafunzo ya kupiga eksirei, Solapur. Wanachukua waliofaulu darasa la kumi na mbili wenye fizikia. Kuna mtihani wa marudio Oktoba."

"Umejua lini haya?"

"Siku ya mkono wako."

"Na Sudam?"

"Amesema muulize mama."

"Mtoto wangu huyo," nikasema. "Anaogopa mpaka kivuli chake."

Mimi nilikubali mkate ukiwa bado haujageuzwa. Lakini katika nyumba yetu mwenye neno la mwisho ni shemeji yangu Nivrutti, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Ni mtu wa kilemba cheupe na kauli fupi. Nikaenda kwake. Akanisikiliza akitafuna tambuu mpaka nikadhani amelala.

"Mama Sudam," akasema, "mke wa nyumba hii asome na watoto wa watu?"

"Asome na Kunda Bai. Nyuma ya mashine. Nitakuwa mlangoni."

"Yule aliyerudi kutoka Latur?"

"Huyo huyo. Na wewe ulirudi kutoka Mumbai baada ya miezi miwili, shemeji, hatujakuita aliyerudi."

Akameza tambuu vibaya. Akikohoa akatoa hukumu: mara moja tu. Oktoba akifaulu, aende Solapur. Asipofaulu, habari za shule ziishe, na zisitajwe tena katika nyumba hii. Nilimjua vya kutosha kujua kwamba hakuwa akitania. Sarika alikuwa nyuma ya mlango, alisikia kila kitu. Usiniulize kama alilala.

Basi mvua zikaanza, na mgao wa umeme nao ukazidi, tukashukuru. Bai akampokea Sarika kama alivyompokea kila mtu, kwa kumpa tatizo la hesabu kabla ya maji ya kunywa. Wiki za kwanza sifa zilikuwa tele. Joto, anajua. Sauti, anajua. Vioo, anajua. Kisha wakafika kwenye migongano, na Bai akaja kwangu amefunga uso.

"Dada Hausa, huyu binti ana akili nzuri. Lakini kuna mahali akifika anapotea, na hajui kama amepotea. Anakuja na jibu la uongo akiwa na uso wa mtu aliyefika nyumbani."

"Migongano ni nini?"

"Vitu viwili vinapogongana. Vikigongana bila kuharibika wala kupoteza nguvu, kuna mambo mawili hayabadiliki. La kwanza: chukua uzito wa kila kimoja, zidisha kwa mwendo wake, jumlisha. Jumla hiyo kabla na baada ni ile ile. La pili ni nishati, nayo kabla na baada ni ile ile. Una sheria mbili, unatafuta miendo miwili, hesabu inatoka. Kila mwaka katika mtihani swali hilo lipo, na lina alama nzuri."

"Na yeye anakosea wapi?"

"Ndiyo nataka nione."

Siku hiyo umeme ulikatika mchana. Bai alimkalisha Sarika karibu na mashine, kwenye mwanga wa mlango, mbele ya kifuniko cha bati kilichojaa vumbi la unga. Akamwambia aandike kwa kidole. Mpira wa kilo moja unakwenda kwa mwendo wa mita nne kila sekunde. Unaupiga uso kwa uso mpira wa kilo tatu uliosimama. Ule mdogo unakuwa na mwendo gani baadaye?

Sarika aliandika haraka, kidole chake kinakwenda kama cha mtu anayechambua mchele. Sheria ya kwanza, sheria ya pili, akaziunganisha, ukatoka mlinganyo mmoja wenye majibu mawili. Mimi niliona majibu mawili. Kisha kiganja kikapita juu ya moja, fyu, unga ukatawanyika, likabaki moja: nne.

"Umefuta nini?" Bai akauliza.

"Hamna, Bai. Lile lisilofaa."

"Liandike tena."

Akaandika. Hasi mbili.

"Kwa nini halifai?"

Sarika akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini havai viatu kichwani. "Ni hasi, Bai. Likitoka hasi unatupa, unachukua lile la chanya. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Mlifundishwa kwenye hesabu gani?"

"Za umri wa baba na mwana. Na za urefu wa shamba."

Bai akaweka mkono kwenye paji la uso. Hakukasirika, alikuwa kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta kiunoni. "Umri wa baba hauwezi kuwa hasi," akasema. "Shamba halina urefu wa hasi. Hapo kutupa ni halali. Lakini sasa hebu niambie: mdogo una nne, ndiyo mwendo uliokuja nao. Mkubwa je?"

Sarika akapiga hesabu. "Sifuri."

"Na sheria zangu mbili?"

Akakagua. Uso ukang'aa. "Zinakubali zote mbili, Bai! Ndiyo maana najua ni sahihi."

"Zinakubali," Bai akasema. "Lazima zikubali." Akanigeukia mimi. "Dada Hausa, nikimwambia sasa hivi usitupe hasi, nitakuwa nimempa sheria nyingine ya kukariri juu ya ile mbovu. Siku ya mtihani zitapigana kichwani. Nataka aone kwa macho. Nani ana keram karibu?"

Mtaani kwetu kila mtu anajua nani ana keram. Nikafumba macho.

Shemeji Nivrutti alikuwa na keram, ubao wa mbao nzito wa kusukumia kete kwa kidole, kila Jumapili baada ya chakula inatolewa barazani, inapakwa poda, na yeye na jirani yake wanacheza mpaka jua lishuke. Ile kete kubwa ya kupigia alikuwa akiiweka kwenye mfuko wa shati siku zote saba. Mwanamke wa nyumba yetu hajawahi kuigusa. Na zaidi ya hapo, Sarika kama mke wa mtoto wa ndugu yake hakuruhusiwa kuzungumza naye uso kwa uso. Akiwapo mzee, yeye hufunika kichwa, husimama nyuma yangu, na akiwa na neno ananiambia mimi, mimi namwambia mzee. Mzee naye akiwa na neno ananiambia mimi, ingawa Sarika yuko hatua mbili na masikio yake ni mazima.

Jumapili tukaenda. Bai mbele, mimi katikati, Sarika nyuma amejifunika mpaka puani.

"Shemeji, tumekuja kuazima keram."

"Siku hizi wanawake wanacheza keram?"

"Hatuchezi. Tunasoma."

"Keram imekuwa kitabu?"

"Shemeji, mtama wako uko kwangu haujasagwa, na wageni wako wa sikukuu wanakuja. Mimi nimeomba kwa upole. Na wewe jibu kwa upole."

Jirani yake akageuka upande akacheka ndani ya kiganja. Nivrutti akaliona, akakaza uso. "Ubao hautoki hapa. Na kete yangu kubwa haishikwi na mtu."

"Wala hatutaki kuishika," Bai akasema. "Tunataka upige wewe, Kaka Nivrutti. Mkono kama wako mimi nitautoa wapi?"

Ndiyo maana nasema huyu mwanamke ni mwalimu. Mzee akavuta mikono ya shati juu.

"Weka kete kubwa katikati, isimame," Bai akasema. "Sasa chukua kete ndogo, uipige iende ikaigonge uso kwa uso."

"Ndogo iipige kubwa? Mchezo wa wapi huo? Kubwa ndiyo inayopiga ndogo."

"Leo mdogo anampiga mkubwa."

"Ndiyo dunia yenu ya sasa," mzee akasema, akitazama nyuma yangu.

Akapiga. Ama hasira, ama poda, kete ndogo ikapita pembeni ya kete kubwa bila kuigusa, ikaenda zake mpaka ukingoni. Jirani akasema "Loo!" Nivrutti akaanza kusugua ubao kama ndio wenye kosa.

"Usiguse!" Bai akaruka. "Sarika, umeona nini?"

Sarika akaninong'oneza, nami nikapeleka ujumbe: "Anasema umekosa, shemeji."

"Mama! Sikusema hivyo!" Akanivuta sari. "Nimesema kete ndogo imeendelea na mwendo wake ule ule, na kubwa imebaki imesimama."

"Anasema umekosa kwa heshima," nikamwambia mzee.

Bai hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya ubao. "Mdogo na mwendo ule ule, mkubwa sifuri. Sarika, hilo ni jibu la nani?"

Sarika akachungulia ubao juu ya bega langu.

"Ni langu," Sarika akasema taratibu. "Nne na sifuri."

"Ni lako. Hesabu haikukudanganya. Wewe uliiuliza: ni miendo ipi ambayo haibadilishi jumla? Ikakujibu: hata wasipokutana haibadiliki. Ikakupa na ya pili, ya siku waliyokutana. Ukaifuta na kiganja. Kaka Nivrutti, tafadhali, sasa lenga kama unavyolenga ukicheza na mtu unayemchukia."

Jirani akajitengeneza kitako. Mzee akafumba jicho moja, akavuta pumzi. Ta! Kete ndogo ikaenda nyoofu, ikaipiga kubwa katikati ya kifua. Kubwa ikasogea mbele taratibu, kama mzee anayeondoka msibani. Ndogo ikarudi. Ikarudi moja kwa moja mpaka karibu na kidole cha shemeji.

"Imerudi!" Sarika akapiga kelele. "Baba Mkubwa, imerudi! Hasi ni kurudi!"

Alisema naye moja kwa moja. Uso kwa uso, barazani, mbele ya jirani, na shela imeshaanguka mabegani. Alipotambua aliivuta kwa mikono miwili, akawa kama gunia nyuma yangu. Mimi nilishikilia pumzi yangu bila kuambiwa na mtu wa eksirei. Neno moja la mzee, na Oktoba ilikuwa imekwisha palepale.

Nivrutti akaiokota ile kete ndogo. Akaitazama, akanitazama.

"Mama Sudam. Mwambie mke wa Sudam bila shaka imerudi. Nyepesi ikiipiga nzito uso kwa uso inarudi. Kwani kule kwao hawana keram?"

"Mwambie Baba Mkubwa wanayo," ikatoka sauti ndogo sana. "Wanacheza wavulana."

"Hm." Akapaka poda nyingine. "Mwambie pia asiporudi huyo mdogo ni kwamba hakumgusa mkubwa. Mtoto mdogo anajua hilo."

"Amesikia, shemeji. Bati la paa limesikia."

Tukakaa pale mpaka jua lilipoinama. Mzee anapiga, Bai anauliza, Sarika ananinong'oneza, mimi napeleka namba nisizozijua kama mtu anayebeba chungu cha jirani. "Anasema mdogo hasi mbili, mkubwa chanya mbili." "Anasema walikaribiana kwa nne, na wanaachana kwa nne." Hilo la mwisho Bai alilirudia mara nyingi: mwendo waliokaribiana nao ndio wanaoachana nao, huo ndio ukaguzi wa haraka, na jibu la waliopishana bila kugusana haliwezi kuupita. Nivrutti akaanza ubishi. Akasema kete yake haikurudi kwa nusu kamili, ilirudi kwa pungufu. Bai akasema kweli, ubao umekula kidogo, na ule mlio wa ta umekula kidogo.

"Na mipira ya mtihani?"

"Mipira ya mtihani haina mlio, Kaka."

"Basi si mipira," mzee akasema, akaridhika.

Tulipokuwa tunaondoka Bai aliinama sikioni kwa Sarika, lakini mimi nilikuwa katikati, nilisikia. "Na mimi ni hasi," akasema. "Nilikwenda Latur, nikarudi. Ungeona walivyonyoosha viganja kunifuta." Sarika akatumbua macho. Bai akaongeza kwamba ana njaa na kama nyumba yangu ina pilipili ya kupondwa. Nilimpikia mikate ya mtama mpaka akashindwa.

Asubuhi ya mtihani Sarika alinigusa miguu, akamgusa Bai miguu, akaenda kumgusa mzee. Mzee akamwekea mkono kichwani, kisha akanitazama mimi juu ya kichwa kile kile. "Mwambie asitupe."

"Shemeji, umemshika kichwa. Mwambie mwenyewe."

Akafikiri. Akasema kwa kunguruma, akitazama ukuta: "Usitupe, mwanangu."

Mchana ule umeme ulikuwepo, sikukuu imekaribia, foleni ya makopo ya nafaka imetoka mpaka barabarani. Mashine inanguruma, nimejaa unga mpaka kope. Nikamwona Sarika anapenya kati ya wanawake, kitambulisho cha mtihani bado kimening'inia shingoni. Midomo inacheza, sisikii kitu.

"Nini?"

Akapiga kelele tena. Nikaona meno tu. Wanawake nao wananipigia kelele niharakishe, mmoja anasema mtama wake umechanganyika na ngano ya mtu.

Hapo nikafanya kitu ambacho sijawahi kukifanya tangu mume wangu aniachie ile mashine. Umeme ukiwepo, foleni ikiwepo, nikanyoosha mkono nikazima swichi. Mawe yakazunguka, yakapunguza, yakasimama. Kimya kikaingia mtaani, na kwa mazoea tu, watoto wawili wakatokea uchochoroni na madaftari.

"Sema," nikamwambia.

"Mipira miwili ilikuwa inakuja uso kwa uso, Mama. Mmoja ulitoka hasi." Akachora mstari wa hasi hewani kwa kidole. "Sikuutupa. Nikakagua waliokaribiana na wanaoachana. Ikakubali."

Nyuma ya bati mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Kunda Bai amesimama na chaki mkononi. Hakusema hongera. Alisema, "Mwendo wa yule mwingine?" Sarika akamtajia. Bai akafumba macho akapiga hesabu, akafumbua, akatikisa kichwa cha kukubali, kisha akaenda pembeni ya magunia akajifuta uso kwa ncha ya sari. Alisema ni unga.

Matokeo yalikuja baada ya sikukuu ya Diwali. Alifaulu. Si kwa alama za kuwekwa gazetini, na mimi gazeti nalitumia kufungia pilipili. Alifaulu za kutosha Solapur. Nivrutti alinunua pipi za maziwa akapitisha nyumba kwa nyumba, na kila mlango akasimulia jinsi alivyopiga ile kete ya kwanza makusudi ipite pembeni, ili binti aone. Hatukumkatalia. Mwaka juzi alipoanguka bafuni, Sarika ndiye aliyempiga picha ya nyonga. Nilikuwepo. Alimwambia, "Baba Mkubwa, usitikisike. Usipumue." Na mzee hakupumua.

Sasa mambo ya mgao yamekwisha hapa kwetu. Umeme upo asubuhi, upo jioni, watu wanashukuru. Wanafunzi wa Kunda Bai walioandika humu wote walisoma wakati wa mgao, kwa hiyo hawajajiuliza wa leo wanasomaje. Ila wateja wangu wanajiuliza. Kila siku saa kumi wanakuja na makopo yao, wanakuta mashine imelala, mimi nimekaa mlangoni nimekunja mikono.

"Hausabai, umeme umekatika?"

"Umekatika."

"Mbona taa ya dukani inawaka?"

"Umekatika kwangu. Njoo saa kumi na mbili."

Wanakwenda wakinung'unika, na mmoja ameniambia atahamia mashine ya mtaa wa tatu. Ahamie. Nyuma ya bati nasikia miguu ya watoto, kikohozi kimoja, kisha sauti ile tulivu kabisa: "Haya, tuanze."